Jina Chini ya Waraka

Katika siku zote nilizowahi kukaa mbele ya meza ya sheria, mwanangu, ninayoikumbuka kwa uchungu zaidi ni Alhamisi moja pale Nachingwea, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na minne na cheti kimoja tu cha kunitambulisha. Nimesema "mbele ya meza," lakini si sahihi. Nilikuwa nyuma kabisa, kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Kosa langu lote linaanzia hapo.

Ngoja nikueleze habari ya cheti. Kidato cha nne nilipata daraja la nne, na binti wa daraja la nne aliambiwa akajifunze kushona. Mimi nikaenda kusoma sheria kwa mwaka mmoja, ngazi ya cheti, katika chuo ambacho hata waliosoma humo hawakukitaja kwa sauti. Niliporudi nikawa msaidizi wa kisheria. Nilipewa meza katika chumba kilicho nyuma ya soko, na kazi yangu ilikuwa kuwasikiliza watu na kuwaandikia malalamiko yao bure. Ng'ambo ya barabara ilikuwapo ofisi ya Wakili Salehe, na ukutani kwake shahada ilikaa ndani ya fremu, ikimtazama kila apitaye. Cheti changu mimi kilikaa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya begi, begi chini ya kitanda.

Watu wakaanza kuniita wakili. Sikuwahi kutamka "mimi ni wakili," ila pia sikuwahi kutamka "mimi si wakili." Niliyapima maneno hayo mawili usiku na mchana, nikajiridhisha kwamba kunyamaza si kusema uongo. Jihadhari, mwanangu, na akili inayojua kupima namna hiyo. Uongo mwingine hausemwi. Unakaribishwa kiti tu.

Ndipo akaja Bi Somoe, mjane wa Nambilanje, wilaya ya Ruangwa, mzee mwenye mguu uliovimba na sauti isiyotetereka. Kwa mila yetu huku, kama ujuavyo, mpwa humrithi mjomba wake. Basi mpwa wa marehemu mumewe, kijana aitwaye Abdala, alidai kwamba mikorosho ilikuwa ya mjomba, kwa hiyo ni yake, na ardhi inaifuata miti. Bi Somoe alisema ardhi ile ni ya mama yake mzazi, mumewe alikuja kuoa akalikuta shamba, na mikorosho waliipanda pamoja, yeye akichimba mashimo, mume akitia mbegu. Abdala alikuwa ameshampata mnunuzi, mchimbaji kutoka machimbo ya Namungo, aliyeamini kwamba chini ya mizizi ile kuna dhahabu. Miti ingekatwa wakati wowote. Tulihitaji baraza la ardhi litoe zuio la muda, na tulilihitaji upesi.

"Mikorosho mingapi, bibi?" nilimuuliza.

"Thelathini na minane. Nikutajie?"

"Unitajie?"

"Ina majina, mwanangu. Wa Mohamedi, tuliupanda mwaka aliozaliwa. Wa njaa. Wa mlangoni. Wa mkwe mlevi, huo umepinda." Akaendelea mpaka wa thelathini na nane, bila kurudia hata mmoja.

Niliandika malalamiko yake kwa siku tatu. Niliyaandika upya mara kumi na moja, nikihamisha nukta na mkato, hadi nikaona hakuna pa kuyashikia. Ukabaki mstari wa mwisho. Kila waraka unaopelekwa barazani lazima uonyeshe chini kabisa ni nani aliyeuandaa. Nilianza kuandika jina langu. Nikafikiri: Mwenyekiti wa baraza atasoma "msaidizi wa kisheria." Wakili Salehe, ambaye Abdala alikuwa amemweka, atasoma na kutabasamu. Atauliza nina elimu gani. Nami nitasema cheti. Nikafuta. Mahali pake nikaandika: "Umeandaliwa na mlalamikaji mwenyewe."

"Weka dole hapa, bibi," nikamwambia, nikisogeza kibweta cha wino.

"Hapa pamesemaje?"

"Ni utaratibu tu."

Akakandamiza dole gumba lake lote, kwa nguvu, kama mtu anayepanda mbegu.

Alhamisi hiyo Bi Somoe aliapa kwa Msahafu, akakaa. Wakili Salehe akasimama taratibu, akiwa ameushika waraka wangu kwa vidole viwili.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla hatujaingia ndani, nina jambo dogo. Bibi yangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Waraka huu umeuandika wewe?"

"Dole ni langu."

"Sijauliza dole, bibi. Nauliza maneno."

"Na maneno ni yangu."

"Basi tusomee mstari mmoja tu. Wowote utakao."

Bi Somoe aliutazama waraka, kisha akamtazama yeye. "Baba, ningejua kusoma nisingewafuata huku. Ningekaa kwangu nikasoma."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Aligonga meza kwa kalamu.

"Bibi, nisikilize vizuri. Hapa chini pameandikwa kwamba umeuandaa mwenyewe. Sasa unasema hujui kusoma. Nani alikuandikia?"

Mwanangu, chumba kile kilikuwa na mbao kumi na sita kwenye dari. Najua kwa sababu nilizihesabu. Nilihesabu ili nisisimame. Nilijiambia: nikisimama sasa, nitaharibu zaidi. Nikajiambia: ngoja aulizwe tena. Nikajiambia: huenda Mwenyekiti akapuuza. Miguu yangu ilikuwa mizima, ulimi wangu ulikuwa mzima, na nilikuwa na hoja tatu nzuri sana za kubaki nimekaa.

Bi Somoe aligeuka. Macho yake yakapita benchi la kwanza, la pili, la tatu, yakanifikia. Hakunikazia. Alinitazama kama anayehakikisha kwamba bado nipo. Kisha akamgeukia Mwenyekiti.

"Nimesahau," akasema.

Mwanamke aliyeitaja mikorosho thelathini na minane bila kukosea!

"Bibi, umeapa."

"Nimesahau, Mheshimiwa. Uzee."

Abdala akaguna kwa kicheko na kumnong'oneza mwenzake, "Anasahau leo, kesho atasahau na mipaka." Mwenyekiti akafunga jalada. Waraka uliobeba taarifa isiyo ya kweli, alisema, hauwezi kusimama, na maombi yanaondolewa. Bibi alikuwa na ruhusa ya kuleta mengine Jumatatu. Niliona Abdala akitoka upesi, simu ikiwa tayari sikioni.

Ijumaa msumeno wa mashine uliingia shambani. Habari zilinifikia jioni. Jumamosi alfajiri nikapanda bodaboda, tukapita Ruangwa mjini bila kusimama, tukafika Nambilanje jua likiwa limechomoza. Nilivihesabu visiki kabla sijateremka: saba. Mafuta ya msumeno yalikuwa yamewaishia wakataji, na mengine yangekuja Jumatatu, ndiyo maana vilikuwa saba tu.

Bi Somoe alikuwa amekaa juu ya kisiki kimojawapo, unga wa mbao umemjaa kwenye kanga.

"Huu ulikuwa wa Mohamedi," akasema.

"Bibi, nisamehe."

"Kaa kwanza."

Nikakaa chini. Akaushika mkono wangu, akaliweka dole gumba lake kando ya langu. Lake lilikuwa bado la buluu.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Ukaniambia weka dole, nikaweka. Dole langu nikalitoa mbele za watu, zima. Wewe una jina, na kuliandika unajua. Ukalificha. Jina lako lina ukoma?"

"Niliona aibu, bibi. Mimi si wakili. Nina cheti tu."

"Nani alikuuliza cheti? Nilianza kwa bwana mmoja wa mjini, ana vitabu mpaka juu, hakuniuliza nina miti mingapi. Wewe uliniuliza. Nikasema huyu ndiye." Akakung'uta unga wa mbao kwenye kanga. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi nimekudanganyia mbele ya Msahafu. Hilo ni langu na Mungu wangu, nitatubu mwenyewe. Lakini usinirudishe pale tena."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Karipio la kelele hupita kama mvua ya jua. Lile la taratibu hukaa ndani miaka.

Niliandika upya siku ile ile, palepale, juu ya kisiki. Kila kitu kilibaki kilivyokuwa isipokuwa mstari wa mwisho: "Umeandaliwa na Zuhura Mkwinda, msaidizi wa kisheria mwenye cheti, bila malipo." Nikamsomea Bi Somoe waraka wote, neno kwa neno, nikamtafsiria kwa Kimwera alipokwama. Ndipo nikatoa wino.

Jumatatu nilikaa benchi la kwanza. Wakili Salehe alianzia chini ya ukurasa, akasoma, akainua nyusi.

"Cheti?"

"Cheti, kaka."

"Na hukulipwa chochote?"

"Nililetewa mihogo. Tukaila wote."

Mzee mmoja wa baraza, aliyekuwa akisinzia tangu asubuhi, akafumbua macho. "Cheti cha nini, binti?"

"Cha sheria, mzee. Cha mwaka mmoja."

"Mwaka mzima?" Akamgeukia mwenzake. "Mimi nimesoma ngumbaru miezi mitatu, na nimekaa hapa naamua kesi za watu."

Hata Mwenyekiti alicheka. Kisha akauliza kwa nini mlalamikaji alidanganya mara ya kwanza. Nikasimama nikasema kwamba hakudanganya kwa ajili yake; alinisitiri mimi, na mstari ule wa uongo niliuandika mimi. Nilisemwa, mwanangu, mbele ya watu wote, kwa muda ambao sikuupima. Nilipokaa, nilikuwa mwepesi. Zuio lilitolewa kabla ya adhuhuri. Kesi yenyewe ilichukua misimu miwili ya korosho, na shamba likabaki kwa Bi Somoe. Katika visiki saba, vinne vilichipua. Vitatu havikuchipua, na wa Mohamedi ulikuwa miongoni mwa hivyo vitatu. Sitakudanganya kwamba kila kosa huota tena.

Njia yangu baada ya hapo ilikuwa ndefu na haikuwa na fremu. Stashahada, kisha shahada niliyoisoma kwa masafa, vitabu vikifika kwa basi na mimi nikivisoma baada ya kazi. Mtihani wa uwakili niliufeli mara ya kwanza, nikarudia. Nilipoapishwa nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Waliokuja ofisini kwangu Nachingwea hawakuja kwa sababu ya chuo nilichosoma, kwani wengi hawakukijua. Walikuja kwa sababu watu wa Nambilanje waliwaambia: yule hufika shambani, yule husoma waraka kwa sauti kabla hujatia dole, yule jina lake utalikuta chini. Chanda chema huvikwa pete, lakini pete yenyewe huchelewa.

Usidhani aibu ile ilikufa. Mwezi uliopita, nikiwa na miaka hamsini na mmoja, nilikwenda kutetea tasnifu yangu ya uzamili mbele ya maprofesa watatu. Swali la kwanza halikuhusu tasnifu. "Safari yako ya sheria ilianzia wapi?" Lilikuwa swali la upole. Nikajikuta nahesabu vigae vya dari. Nilifika cha tano. Nikasema: "Ilianza na cheti cha mwaka mmoja, na kosa moja kubwa." Profesa akaandika kitu, akaendelea na swali la pili. Hakuna kilichoanguka. Lakini tangu siku ile sijatulia vizuri, na nimeona heri nikuandikie wewe unayeanza kazi hii, ambaye labda leo umekaa benchi la nyuma na hoja tatu nzuri za kutosimama.

Nasaha yangu ndiyo hii. Usiombe radhi kwa elimu yako ndogo, wala usiivalishe joho isilokuwa nalo. Anayekuuliza umesoma wapi, mjibu kabla hajamaliza kuuliza, kisha umwonyeshe kazi. Mteja akikuita kwa cheo ambacho si chako, msahihishe siku hiyo hiyo, hata kama ataondoka, maana cheo cha kuazima hudaiwa mbele za watu, na anayekilipa mara nyingi ni mnyonge aliyekuamini. Nenda ukayaone unayoyaandika. Hesabu miti, uliza majina yake. Soma tena na tena, kwa mwendo ulionao, mpaka vyeti virefu vikufikie, na vikikufikia usivifiche wala usivitangulize. Na kila uandikacho kwa ajili ya mtu, kitie jina lako chini, hasa siku ambayo mkono unakataa.

Mungu akupe ulimi wa kusema mapema, kabla mwingine hajakusitiri kwa kiapo chake. Akupe mzee wa kukukaripia kwa sauti ya chini. Akujaalie watu watakaolikuta jina lako mwisho wa waraka na kulala usingizi.

Umeandaliwa na Zuhura Mkwinda, Nachingwea, aliyeanza na cheti.