Pipa la Kasiani

Kasiani alikuwa fundi wa kuchomelea huko Mgeta, na siri yake ilikuwa pipa. Ndani alilipangia brashi, ubavuni akalitia pedali ya baiskeli. Ukizungusha, karoti zinatoka safi na wewe hujalowa. Alimtengenezea mkewe Yuliana, ambaye kila siku ya mavuno alisimama mtoni, maji ya baridi hadi magotini, akisugua karoti kwa mikono iliyopasuka.

Sasa sikia ujinga wa mwanamume. Mwanasheria wa mjini alimwambia asimwonyeshe mtu kabla ya kuomba hataza, ile haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuiga uvumbuzi wako, maana kitu kikishaonekana hakihesabiki tena kuwa kipya. Ushauri mzuri, sina ugomvi nao. Alimwambia pia aombe mapema. Hilo hakulisikia! Leo brashi zinakwaruza, kesho abadilishe mhimili, keshokutwa ampate kwanza mwenye kiwanda. Banda likapigwa kufuli. Rafiki zake waliokuja kupiga soga waliishia mlangoni, wakachoka, wakaacha kuja.

Yuliana tu ndiye aliyeingia. Alijaribu pipa kwa karoti chache, akacheka.

"Baba Joyce, nioshee mzigo wa leo humu?"

"Subiri kidogo, mama. Watu wataona."

Akajitwika tenga, akashuka mtoni. Alisubiri hivyo hadi masika yaliyopita, homa ya mapafu ilipomchukua.

Msibani walikuja watani wa ukoo, na mtani msibani hakasirikiwi: atavaa nguo za marehemu, ataiga mwendo wake, nawe utatulia. Semeni, mtani mwenye mdomo wake, alitaka kujua mfiwa anaficha nini. Alivunja kufuli, akaliburuta pipa hadi uani, akajifunga khanga ya Yuliana, akamimina karoti na maji, akazungusha.

"Nioneni mie Yuliana, naosha nimekaa!"

Watu walicheka huku wanalia, simu juu, wanarekodi. Kasiani alitamani kupiga kelele. Angeanzia wapi? Alibaki mkekani.

Matanga yalipoanuliwa, mwanasheria alipiga simu. "Video imesambaa, mzee. Tunaweza kujaribu kujitetea kuwa hukulionyesha kwa hiari yako, lakini tuombe leo leo. Nianze?"

Kasiani alichungulia uani. Wanawake walikuwa wamepanga matenga yao, wanapokezana pedali. Miaka yote hiyo uwanja wake haukuwahi kujaa watu namna ile, na alijiona mpweke kuliko alipokuwa nyuma ya kufuli.

"Acha tu," akasema, akakata simu, akatoka.

Semeni alikuwa anazungusha. "Mtani, nisamehe kwa kufuli lako. Lakini niambie, pipa zuri hivi, mbona mwenzetu tulikuwa naye mtoni hadi wiki aliyougua?"

"Nilimkataza," alisema Kasiani. "Nililitengeneza kwa ajili yake, nikamkataza."

Semeni aliachia pedali.