Baba, Dada, Gari

Sikilizeni, walimu vijana. Siku yangu ya kwanza kazini, katika miaka ya thelathini, Mwalimu Mkuu alinikabidhi rejista na watoto wapya wa shule ya shamba la chai, upande wa Boito, nchi ya Wakipsigis. Nilikuwa kijana kutoka kando ya ziwa, mwenye viatu vipya na kiburi cha kutosha watu wawili.

"Wapime wiki hii hii," aliniambia. "Mwenye shida umjue mapema, umfundishe kando baada ya masomo. Tunawatafuta tuwasaidie, sio tuwafukuze. Umesikia?"

Nilisikia, lakini sikuelewa.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Kwanza mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa; akigusa sikio la upande wa pili, umri umetosha. Kisha alirudia maneno yangu, nijue kama masikio ni mazima. Maneno niliyachagua mwenyewe: baba, dada, gari.

Chebet, binti wa mchuma chai Mkipsigis, aligusa sikio upesi akacheka. Hata madirisha alinihesabia kabla sijamuuliza. Kisha akarudia: "Papa. Tata. Kari."

"Baba," nikasema tena.

"Papa," akajibu kwa uhakika kabisa.

Niliwageukia wenzake nikasema, "Huyu ni msito wa masikio." Wakaangua kicheko. Nikamweka benchi la wazito, yaani wale waliobaki baada ya masomo kufidia walichokosa. Aibu yangu inaanzia hapo. Kufidia kwenyewe kulikuwa baba, baba, baba, muhula mzima, na kila aliposema papa niliwaacha wenzake wacheke. Mwanzoni alipaza sauti. Baadaye akawa ananong'ona. Mwisho wa muhula alinyamaza tu, nami nikaandika kwenye rejista: Hafai. Mama yake alikuja kumchukua, wala hakubishana.

Mwalimu Mkuu alipokagua rejista aliniita.

"Huyu msichana ana kosa gani?"

"Hawesi kusema baba, Mwalimu Mkuu. Amerudi samba na mama yake."

"Amerudi wapi?"

"Samba."

"Hebu sema shamba."

Nilijaribu. Ulimi ulikataa, kama unavyokataa kwa wengi wa kwetu. Nyani haoni kundule, na siku hiyo nyani nilikuwa mimi.

"Lugha yao haitengi ba na pa," alisema polepole. "Yako haina sha wala za. Mimi mwenyewe ra na la hunisumbua. Nani alitutupa nje? Nenda ukamlete."

Nilienda kesho yake. Chebet alikuwa katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni. Nikamwamkua. Aliinamisha kichwa, akaendelea kuchuma. Mama yake ndiye aliyenijibu.

"Mwalimu, Kiswahili alishaacha. Anasema mtomo yake ni mpaya."

Nilirudi mara nyingi, nikaomba radhi. Hakurudi shule.

Tangu hapo, ninyi walimu vijana, nilijifunza Kikipsigis, nikawapima watoto kwa lugha ya mama zao kwanza. Nilistaafu nikisifiwa kwa jambo hilo, na sifa zile zilinichoma, kwa sababu nilijua nani alilipia. Mpaka leo nasema samba. Hakuna mtu aliyewahi kunicheka mpaka nikanyamaza.