Hatua Kumi na Mbili

Chuoni walimwita Chokaa naye akaitika, maana jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye faili la ofisi tu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtunza uwanja. Alifyeka nyasi, alifukia mashimo, alishona nyavu za magoli kwa kamba za viatu vya zamani, na kila Jumatatu alichora mistari upya. Mistari mirefu aliichora kwa kamba yenye mafundo, aliyoipima enzi zile futi ya ofisi ilipokuwa bado nzima. Lakini alama ya penalti, ile nukta nyeupe iliyofutwa na viatu kila siku ya Mungu, hakuihangaikia kamba. Aliipima kwa miguu. Alisimama katikati ya goli, akaligeuzia mgongo, akahesabu hatua kumi na mbili, kisha akamwaga kikombe cha chokaa pale kidole gumba kilipoishia.

Mwaka wake wa kwanza kazini, mwalimu mmoja wa hesabu alikuja na futi yake mwenyewe kumhakiki, akakuta mita kumi na moja kamili, si zaidi, si pungufu.

"Bwana huyu ni rula iliyovaa suruali," mwalimu alisema, na maneno hayo yakamtia Chokaa fahari kwa miaka mingi. Tangu siku hiyo hakuna aliyempima tena.

Mwaka huu chuo kizima kilikuwa kimepanda juu ya mabega ya wasichana wa mpira wa miguu. Timu ya wavu ilikuwa imetolewa siku ya kwanza ya mashindano, kabla hata jezi hazijaloa jasho. Wavulana wa kikapu walirudi na visingizio vingi kuliko pointi. Lakini wasichana walikuwa hawajafungwa nyumbani kwa miaka miwili, na mechi zilizoishia kwenye penalti hapo nyumbani walizishinda zote. Tatizo lilikuwa fainali. Fainali zilichezwa ugenini, na mara mbili mfululizo walikuwa wamefika mpaka kwenye penalti wakarudi mikono mitupu. Safari hii, walisema, ni zamu yetu. Mkuu wa chuo alikwisha kusogeza vikombe vya zamani ndani ya kabati la pale mlangoni ili kuacha nafasi, na nafasi yenyewe ilifutwa vumbi kila asubuhi.

Chokaa alikwenda nao fainali, kazi yake ikiwa kulinda mfuko wa mipira. Dakika tisini zikaisha bila bao. Zikaongezwa thelathini, hakuna kitu. Ikaja penalti, na wa kwanza kupiga alikuwa nahodha, msichana mwembamba waliyemwita Sindano, kwa sababu mpira wake ulipita mahali ambapo hata uzi ungesitasita. Nyumbani hakuwahi kukosa. Aliuweka mpira kwenye alama, akainua uso, akaliangalia goli, kisha akageukia benchi.

"Kocha, mbona goli liko mbali?"

Mashabiki wa wenyeji waliangua kicheko.

"Liko palepale lilipozaliwa, dada!" mmoja alipaza sauti. "Mleteeni darubini!"

Sindano alipiga vilevile alivyozoea, chini, pembeni, taratibu. Kipa aliruka, akatua, na alikuwa na muda wa kunyoosha mkono. Wa pili akakosa. Wa tatu akapata. Wa nne akakosa, na ikawa imekwisha.

Wasichana walipokuwa wamekaa chini wakivua viatu, Chokaa aliingia uwanjani. Hakujua hasa anatafuta nini. Alisimama katikati ya goli, akaligeuzia mgongo, akaanza kuhesabu. Kumi na mbili ilipofika, alama ilikuwa bado mbele yake. Akaongeza hatua ya kumi na tatu. Ya kumi na nne ndiyo iliyoikanyaga. Akarudi, akahesabu tena polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba akitumaini amekosea neno. Kumi na nne.

Nyumbani mkewe alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukunja nguo.

"Hilo ndilo umeligundua leo?" alisema. "Mimi tangu ulipoanguka na ile ngazi ukifunga nyavu, miaka minne sasa, ukaumia nyonga, kwenda na wewe dukani ni safari. Naondoka na wewe, nafika peke yangu."

"Sikujua kama zimefupika kiasi hicho."

"Mwenye nyonga hajui. Anayemsubiri ndiye anayejua."

"Kwa hiyo watoto wa watu wamefanya mazoezi miaka minne kwenye penalti ya uongo. Na Alhamisi kamati inamwita Kocha. Kila mtu anajua wanamwita kumwambia nini."

Mkewe akaweka shati chini.

"Sikiliza, Baba Watoto. Umebakiza miezi minane ustaafu. Nyumba hii ni ya chuo, kitanda chenyewe kina muhuri wa chuo. Utasimama mbele ya wakubwa useme nini? Miguu yangu imesinyaa?"

"Na Kocha je?"

"Kocha bado kijana, atapata chuo kingine. Wewe na nyonga yako nani atawaokota?"

Siku tatu zilizofuata alifanya kazi kama mtu aliyebeba gunia lisiloonekana. Alama ya penalti hakuigusa. Alipita kando yake, na jicho lilipoiangukia, alilihamishia kwenye nyasi.

Kocha alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkimya, mwenye filimbi shingoni hata siku zisizo na mazoezi. Alikuwa amemfanyia Chokaa jambo moja tu ambalo wengine hawakulifanya: kila asubuhi alimwuliza hali ya uwanja kabla ya kuukanyaga, kama mgeni anayebisha hodi.

Alhamisi mchana Chokaa aliosha mikono, akavaa shati lake la kwendea harusi, akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha mikutano. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Ndani, mwenyekiti wa kamati ya michezo alikuwa akizungumza kwa ile sauti ya upole inayotumika kumwachisha mtu kazi.

"Mwaka wa tatu huu, Kocha. Hatusemi hujitahidi. Tunasema timu haipigi hatua."

Kocha alikuwa ameinamisha kichwa. Hakujitetea.

"Naomba kusema," Chokaa alisema.

"Mzee, mambo ya nyasi tutayazungumza baadaye."

"Si nyasi, Mwenyekiti. Ni hizo hatua. Zilizofupika ni zangu."

Wakacheka, kwanza wote, kisha wachache, kisha hakuna. Akawaeleza tangu mwanzo: kamba yenye mafundo, alama isiyo na fundo, ngazi, nyonga, kumi na mbili na kumi na nne. Wakatoka wote nje kwenye jua na viatu vyao vya ofisini. Fundi aliyekuwa akirekebisha dirisha aliazimwa futi yake, na mwenyekiti mwenyewe akachuchumaa kusoma.

"Mita tisa na nusu," alisema, na kabla hajainuka uso wake ulikuwa umeanza kung'aa. Lilikuwa ni jambo jepesi kulieleza kwa mkuu wa chuo. Halikuhitaji tangazo la kazi wala usaili. "Basi ni tatizo la kiufundi! Kocha aendelee msimu mmoja. Mzee amalizie miezi yake stoo, uwanja utafutiwe mtu mwenye futi."

Nyumba haikutajwa. Chokaa aliposikia haikutajwa, aliinama, akajifanya anakagua nyasi.

Wakubwa walipoondoka, Kocha alibaki. Alikaa chini palepale kwenye boksi la penalti, na Chokaa naye akakaa, kwa awamu, kwanza mkono, kisha goti, kisha mwili wote.

"Mzee, nani alikutuma?" Kocha aliuliza.

"Hakuna. Nimeona wanakuonea, mwanangu."

"Nilikuwa nimeshafunga mizigo." Aliyasema hayo bila hasira, akiuzungusha uzi wa filimbi kwenye kidole. "Miaka mitano naamka nikiwaza kona. Naota mabeki. Mama yangu akinipigia simu namsikiliza huku napanga kikosi. Nilitaka wanifukuze, Mzee. Mwenyewe sina moyo wa kuondoka, nikasema basi, wacha wanisukume. Walikuwa wamefika mlangoni kabisa, ukaingia wewe na shati la harusi."

Chokaa alilitazama shati lake.

"Basi nimekuharibia."

"Umeniharibia kabisa."

Wakatazamana, na kicheko kikawatoka, kile cha watu waliochoka, kisicho na sauti, cha mabega tu.

"Na ukitaka ukweli," Kocha alisema alipopata pumzi, "si penalti peke yake. Kabla ya penalti tulikuwa na dakika mia na ishirini. Hizo hukuzipima wewe."

"Angalau hizo hazinihusu."

"Hizo ni zangu."

Wasichana walianza kuingia kwa mazoezi, mmoja mmoja, viatu mkononi. Fundi alikuwa amewaachia futi yake mpaka jioni. Kocha alishika ncha moja kwenye mstari wa goli, Chokaa akaivuta nyingine hadi kumi na moja, akamwaga kikombe cha chokaa. Nukta mpya ilikaa pale ikiwa peke yake, nyuma kidogo ya ile ya zamani, na wote wakaiangalia kwa mashaka kama mgeni aliyefika bila taarifa.

Sindano akaweka mpira. Akapiga vilevile alivyozoea. Kipa wao wenyewe, ambaye miaka yote hakuwahi kuuona mpira wa Sindano ila ukiwa wavuni, aliudaka kwa mikono miwili, akabaki anaushangaa.

"Kocha, ni mbali!"

"Ndiyo, ni mbali. Piga tena. Tia nguvu."

Alitia nguvu. Mpira ukapaa juu ya mwamba, ukaelekea kwenye majani.

"Mwingine," Kocha alisema. Kisha, bila kugeuka: "Stoo unakwenda lini, Mzee?"

"Jumatatu."

"Basi mpaka Jumatatu kaa nyuma ya goli, uniokotee."

Chokaa akazunguka goli, akaenda. Mipira ya kuokota ilikuwa mingi.