Vitambaa vya Kona za Rebero

Xavérine hana dogo. Akiona kifuniko cha chupa njiani, ataweka kikapu chini, ainame, agune kidogo kwa ajili ya kiuno, akiokote. Karatasi ya peremende, chupa ya maji iliyotupwa na abiria wa pikipiki, vyote huingia katika mfuko wa kaki anaoubana kwapani. Mtaa mzima huku Rebero, Kigali, unamjua hivyo. Zamani wenye mzaha walikuwa wakimuuliza, "Mama Raïssa, leo umevuna nini?" Naye huwajibu, "Nimevuna aibu yenu!" kisha akacheka na kushika njia yake.

Mumewe aliitwa Théoneste. Walioana Bujumbura, kule Buyenzi, wote wawili watoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda, na Kiswahili walichotongozana nacho ndicho walichogombana nacho hadi uzeeni. Mzee alikuwa mtunza stoo Muhima mpaka akastaafu. Baada ya hapo kazi ikabaki moja: kila alasiri apande hadi duka la maziwa la Kubwimana, anywe bilauri yake ya mtindi, arudi. Si mbali. Ila vichochoro vyetu mnavijua, vinapinda na kupinda tena, na kila ua umepandwa miti ileile.

Sasa, kuna jambo ambalo mzee hakumwambia mkewe. Njia ilikuwa imeanza kumpotea. Xavérine aliona anasahau miwani, anasahau kuzima redio, akasema huo ni uzee tu, nani hasahau? Hakujua kwamba mumewe husimama kwenye kona, mtu mzima na koti lake, akijiuliza ni kulia au ni kushoto, jasho likimtoka. Na mzee alinyamaza kwa kuwa alimjua mwanamke yule. Angemfungia ndani kwa mapenzi.

Xavérine ni fundi wa kushona. Mabaki ya vitenge huyatia katika gunia chini ya cherehani yake. Basi siku moja, akitembea na mfuko wake, akaona kipande cha kitenge cha kijani kimefungwa kwenye ua, pale kichochoro kinapopinda. Mbele kidogo kingine, chekundu. Ebo! Vitambaa vyake mwenyewe, alivyovikata kwa mkasi wake! Akavifungua kwa hasira, akarudi navyo nyumbani, akamtupia mumewe mezani.

"Baba Raïssa, tazama! Watoto wa watu wananiibia mabaki na kunitangaza mtaani kwamba mimi ndiye mchafu!"

Mzee alivitazama vile vitambaa kwa muda. "Wana adabu mbaya," akasema taratibu. "Pole, mama."

Kesho yake vikawa vimerudi kwenye ua. Xavérine akaviokota tena, si vyote, vile alivyoviona. Ukawa ndio mchezo wao, na mmoja wao hajui kwamba anacheza.

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, mtaa mzima ulipotoka na fagio na majembe kusafisha. Wazee hawalazimishwi, kwa hiyo Théoneste alibaki kitandani. Xavérine akawakusanya majirani, akawaonyesha: kile pale, na kile, toeni vyote! Hakikubaki hata kimoja. Donatille, kiongozi wa mudugudu wetu, yaani mtaa, akamsifu mbele ya mkutano kwa Kiswahili chake cha Kigali: "Maman Raïssa iko mfano kwetu sisi yote." Watu wakampigia makofi. Mama wa watu akafurahi, akafika nyumbani anaimba, akalifunga lile gunia la mabaki kabatini kwa ufunguo, kisha akapanda basi kwenda Kimironko kumpelekea mteja gauni lake.

Alasiri mzee akatoka na majirani waliokuwa wanapanda kilima, wakapiga soga mpaka dukani. Akanywa mtindi wake. Mvua ikanyesha, akasubiri ikatike, akaaga, akashika njia ya kurudi peke yake.

Usiku Xavérine aliporudi hakumkuta, akamtafuta na majirani kwa tochi, wasimwone. Jumapili asubuhi, watu walipokuwa wanakwenda misa, walimkuta bondeni, ndani ya mfereji wa maji ya mvua, upande ambao si wa kwao kabisa. Koti lake alikuwa amelifunga vifungo vyote. Masikini mzee wa watu!

Aliyekuja kulisema jambo lile la siri ni Kubwimana wa duka la maziwa, siku ya kilio. Alikaa karibu na Xavérine, akikunja na kukunjua kofia yake.

"Mama, kuna neno linanichoma. Mzee alikuwa ananiambia, 'Mimi sipotei, nafuata vitenge vya mke wangu, vinanifikisha mpaka mlangoni.' Alinikataza nisikwambie. Siku ile alisimama pale mlangoni kwangu, akaniuliza, 'Cha kijani kiko wapi?' Mimi nilikuwa na wateja. Nikadhani ananitania."

Xavérine hakulia. Aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba penye taka alizoziweka kungoja gari, akamwaga mfuko wa kaki chini. Vitambaa vilikuwa humo, na vingine vilikuwa vimeng'olewa bila hata kufunguliwa. Kila kimoja cha hivyo kilikuwa na fundo, lile la kupitisha mara mbili, la mtunza stoo anayefunga magunia. Miaka yote ya ndoa alikuwa ameliona fundo lile, na hakulitambua. Hapo ndipo alipopiga ukelele uliowatoa watu wote kilioni wakaja kumshika.

Leo bado anaokota. Chupa, karatasi, vifuniko, huku kiuno kikimlalamikia. Lakini kuanzia duka la maziwa hadi mlangoni kwake, kila kona ina kipande cha kitenge kilichofungwa kwa fundo la mara mbili, na mvua ikikichakaza analeta kipya.

Umuganda uliopita, Donatille alikuwa anapitia ua akisafisha, mkono ukaenda wenyewe kwenye kile cha kijani.

"Acha, Donatille!" Xavérine akapaza sauti toka ng'ambo ya njia. "Baba Raïssa hajarudi bado."

Donatille, ambaye alisimama naye kaburini siku ya mazishi, akarudisha mkono, akaokota ufagio wake, akaendelea kufagia chini.