Kikoti Nilichokifua

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa nakwenda Guangzhou kununua vitambaa soko la Zhongda. Hoteli yetu ilijaa Wazungu waliokuja kuasili watoto wa vituo vya mayatima. Naikumbuka ile korido kwa mapenzi: vilio, harufu ya maziwa ya unga, na sisi tukipishana nao na majora begani.

Mzungu mmoja, mama wa chumba cha pili, aliniletea kikoti cha pamba, alichookotwa nacho binti aliyemwasili. Alijua kazi yangu, akaniomba niulizie sokoni kitambaa kile kimetoka mji gani. Wauzaji walikigusa wakacheka. Kitambaa hicho kimejaa China nzima.

Niliona haya kurudi mikono mitupu. Tena kwetu Unguja nguo ya mtu hairudishwi chafu. Nikakiloweka, nikakifikicha kwa sabuni ya kipande, nikakipiga pasi, nikakifukiza udi. Nilimkabidhi kimekunjwa kama nguo ya Idi, nikingoja kushukuriwa.

Alikigeuza ndani nje. Bitana ilikuwa nyeupe pe.

"Hapa palikuwa na maandishi," alisema polepole. "Mstari mmoja wa kalamu, kwa Kichina. Leo nilikuwa nimtafute wa kunisomea."

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alimvisha mwanawe kile kikoti, wakaondoka wananukia udi wangu.

Binti huyo sasa ni mtu mzima. Nami mpaka leo, nguo ya mtoto haigusi maji yangu kabla sijaigeuza nikatazama ndani.