Goti la Mchekeshaji

Kwenye mkutano wa wakulima wa chai huku Kangema, mkurugenzi wa kiwanda chetu alikuja na mchekeshaji. Jamaa akajifanya karani anayepima majani, huku akiinua gunia kwa goti ili kilo zipungue. Sisi wakulima tulimtazama mkurugenzi kwanza. Alipocheka, tukacheka.

Mama mmoja akasimama. “Kijana, hiyo ya goti uliona wapi?”

Mchekeshaji akamgeukia bosi.

“Mama, keti, hiyo ni mchezo tu,” mkurugenzi akajibu, bado anapangusa machozi ya kicheko.

Wafalme wa kale walifuga mchekeshaji awaambie ukweli ambao wengine waliogopa kuutamka. Wetu wanaujua tayari; wanamleta ili tuucheke, twende nyumbani.

Kesho yake tulipeleka majani. Hakuna aliyetazama mizani. Wote tulitazama goti la karani.