Maua ya Dhahabu Ukutani

Jirani yangu hapa Parkdale, mtaa wetu huku ughaibuni kwenye baridi, anabandua karatasi za ukutani, na harufu ya gundi iliyolowa imenirudisha kwenye chumba tulichopanga tulipohamia huku, nilipokuwa mdogo.

Baba alikuwa mgonjwa, hainuki kitandani. Mama alinunua karatasi yenye maua ya dhahabu, mfano wa zile walizobandika matajiri wa Ulaya zamani kwenye majumba yao, akaibandika ukutani, mbele ya macho ya baba.

"Baba watoto, tazama, tumehamia kasri."

Baba alitazama kwa muda mrefu. "Ni nzuri, mke wangu. Lakini nirudishe nyumbani, nife nikiuona ukuta wetu wa chokaa."

Mama aliendelea kulainisha karatasi kwa kiganja, ametugeuzia mgongo.

Tulimzika baba huku huku, kwenye ardhi iliyoganda.